Mrejesho: Kiitaliano cha ngazi ya kati chuoni

Wakuu, niliuliza kama niendelee na Kiitaliano cha kati (B1) au niishie cha mwanzo. Nimeendelea. Aliyenishauri nichukulie "ho mangiato" kama "nilikula" na "mangiavo" kama "nilikuwa nikila" kaniokoa, ingawa si kila sentensi inakubali. Congiuntivo (namna ya kitenzi ya kueleza shaka, matakwa au maoni) ndiyo bado giza.

Utamaduni ndio mtamu. Italia iliungana kuwa nchi moja 1861, wengi wakiongea lahaja za kwao tu. Hata mwaka 1960 RAI, shirika la utangazaji la taifa la Italia, ilimweka mwalimu Alberto Manzi kwenye runinga afundishe watu wazima kusoma na kuandika. Tulitazama kipande: anachora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, anaongea taratibu. Nilimwelewa kuliko mhadhiri wetu, jamani!

Mtihani wa kuongea ni mwezi ujao. Mwenye mazoezi ya congiuntivo anitupie.