Mrejesho: Bima ya Bonanza wamekubali, ila kwa masharti

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama rubani aliyezoea Cessna 172 (ndege ndogo ya matairi yasiyokunjwa) huku Marekani anaweza kukatiwa bima ya Bonanza A36 ya zamani, ndege ndogo ya injini moja, ya matairi ya kukunja na injini ya hospawa 285. Inawezekana. Kisheria FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) wanataka tu mafunzo na saini za mwalimu kwenye logibuku (daftari la rubani la masaa ya kuruka), moja ya ndege kompleksi (yenye matairi ya kukunja, flapsi na propela ya kurekebishika) na moja ya injini inayozidi hospawa 200, hawajapanga idadi ya masaa, ila bima ndo wana yao, wamenitaka masaa 10 na mwalimu anayeijua Bonanza halafu 5 peke yangu kabla sijapakia abiria hata mke wangu. Naona ni haki kabisa, maana kwenye hii ya zamani swichi ya flapsi (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) na ya matairi zimekaa kinyume na ndege nyingi, umeshatua unataka kupandisha flapsi unajikuta umekunja matairi, propela inakula lami. Mwalimu hataki niguse kitu mpaka tutoke ranwei tusimame, nishike swichi, niitaje kwa sauti, ndo niisogeze. Anayetaka kununua chukua kotesheni ya bima kwa maandishi kabla hujalipa advansi.