Binti yuko kidato cha tatu, anaamshwa saa kumi usiku kusoma. Nimhamishie shule ya kutwa?

MamaMamboleo
Hamjambo wenzangu. Naombeni ushauri, maana hapa nyumbani tumeongea hadi tumeanza kununiana.

Binti yangu alifanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, 2023, akaitwa shule ya bweni si mbali na Kisumu. Tulishangilia. Sasa kengele inalia saa kumi usiku, saa kumi na nusu wako darasani, mchana kutwa masomo, prepu tena, yaani kujisomea usiku, hadi saa nne. Jumamosi mtihani, Jumatatu majina yanabandikwa ukutani kutoka wa kwanza hadi wa mkia. Nusu muhula alikuja akalala tu. Nilimkuta mezani amesinzia, tonge mkononi, omena zimepoa. Tumbo humuuma kila Ijumaa usiku, Jumamosi jioni linaacha. Anasema, “Mama, alfajiri ile natazama kitabu tu, hakuna kinachoingia.”

Baba yake hataki kusikia habari ya kuhama. Anasema hawa ndio wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, nyuma yao hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, kwa hiyo akianguka KCSE, mtihani wa kidato cha nne, 2027 hana darasa la kurudia. Hapo hunifunga mdomo.

Jabali_Nax
Tusidekeze watoto. Sisi hapa Nakuru tuliamka saa tisa, tukaoga maji baridi kama barafu, na leo tunakula jasho letu.

NyarKano
Jabali, wewe uliamka ukafaulu, hongera. Na wale mliosinzia nao wakatoka na D, wako hapa wakujibu?

MwalimuWaZamu
Mama, mimi ni mwalimu wa sekondari. Ratiba hiyo haina baraka za serikali. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema prepu ya bweni ni saa moja unusu hadi saa tatu unusu usiku, kisha watoto walale hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mbona hazifuatwi? Mkuu wa shule anapimwa kwa mean, yaani wastani wa shule nzima, na wanaompima wa kwanza ni sisi wazazi. Nimewahi kumsikia baba mmoja mkutanoni akilalamika kwamba shule jirani wanaamka mapema kuliko sisi, eti tumelegea. Akapigiwa makofi.

Anza na mwalimu wa darasa, kisha wa ushauri nasaha, ndipo ufike kwa mkuu. Usiombe shule nzima ibadilike, utapewa hotuba. Omba mtoto mmoja aruhusiwe kulala hadi saa kumi na moja unusu muhula huu, halafu mwangalie alama pamoja. Kwa mtoto mmoja watu hujadiliana. La shule nzima lipelekeni mkiwa wazazi kadhaa, na mkikwama kuna ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Na mwambie mzee hivi: tangu 2023, gredi ya wastani ya KCSE huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kukesha kwa ajili ya kila karatasi hakuna maana.

SistaK
Mimi limenishtua hilo tumbo. Tumbo linalofuata ratiba ya mitihani si la kupuuza, na si kwamba mtoto anaigiza. Mpeleke hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu, ile tunayoiita Russia, au hospitali yoyote iliyo karibu, apimwe vidonda vya tumbo kwanza, kisha uombe aonane na mshauri. Saa nne hadi saa kumi ni saa 6, na bado hujatoa za kufua na kupiga foleni bafuni. Umri wake unataka saa 8 hadi 10, na yale aliyosoma mchana ubongo huyapanga akiwa amelala.

Jambo jingine, mkiwa wawili tu, muulize kama huwa anawaza kujidhuru au kutokuwepo. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asirudi bwenini kabla hajaonwa na daktari. Simu ya watoto ni 116, haitozwi.

NyarKano
Nilimhamisha kijana wangu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Shule ya kutwa si pepo. Stima inapotea saa mbili usiku, wadogo zake wanapiga kelele, mgeni akija yeye ndiye anatumwa sukari dukani. Usipomlinda hapo, atasoma kidogo kuliko bwenini.

Mkiamua, hameni kabla ya usajili wa KCSE mwanzoni mwa kidato cha nne. Akishasajiliwa, namba yake ya mtihani ni ya shule hiyo. Tena uliza masomo: shule kadhaa ndogo hazina fizikia wala kompyuta, utamhamisha ukampokonya somo.

Jabali_Nax
Sawa, la hospitali nakubali. Mpelekeni.

MamaMamboleo
Asanteni sana. Nimemsomea mzee yote. La kundi la mwisho hajalegeza, ila la namba ya mtihani limemfanya aulize usajili unafungwa lini, nami nimenyamaza nisiharibu. Russia tunaenda wiki hii, na mwalimu wa darasa amekubali kuniona. Nani anajua shule ya kutwa ya wasichana upande wa Mamboleo au Kibos yenye maabara ya fizikia inayotumika kweli? Fizikia ndiyo somo pekee analolizungumzia bila kuulizwa.