Naomba ushauri: mwanangu ana ADHD, darasani anaachwa nyuma

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa wazazi na walimu.

Mwanangu ana miaka 10, yuko darasa la nne, na mwaka huu ana upimaji wa kitaifa. Daktari wa afya ya akili amethibitisha ana ADHD (hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu), aina ile ya kukosa umakini. Si mtundu wala hasumbui mtu, ndiyo maana miaka yote hii aliitwa mzembe tu, jambo linaloniuma sana. Ukimpa hesabu, swali la kwanza analifanya vizuri kabisa. Bodaboda ikipita nje, kichwa kinageuka, na akirudi kwenye daftari anachanganya namba za swali la pili na la tatu. Lakini mpe redio mbovu ya babu yake aifungue, atakaa nayo mpaka adhana ya magharibi. Daktari anasema umakini anao. Shida ni kuuelekeza kwenye jambo lisilomvutia.

Nyumbani tunazima TV, kazi tunaigawa vipande vya dakika 10, na maagizo nampa moja moja. Imesaidia. Shuleni ndiko nimekwama: darasa lina watoto zaidi ya 80, naye anakaa dirishani.

Zaidi ya kumhamishia mbele, nimwombe mwalimu kitu gani kinachowezekana kweli kwenye darasa la namna hiyo? Na mliowaanzishia watoto methilifenideti (dawa ya ADHD), suala la kupungua hamu ya kula mlilimudu vipi? Daktari ameitaja dawa hiyo, na mwanangu tayari ni mwembamba.