Fundi anaambia mama yangu "MUKATE KABATI"!! Leo silali

Mwana_wa_Murara:

Banandugu munisamehe makosa, naandika mikono inatetemeka. Ile fundi munamujua. Jina sitaji, haina haja, mutu yeyote mwenye amejenga hapa Goma, kutoka Ndosho mpaka Mugunga, anamujua, ile mwenye anatembea na metre kiunoni sawa askari na bunduki na hajawahi kuifungua hata siku moja, ile mwenye ukimuita saa moja asubui anakujibu "niko njiani" na wewe unasikia jogoo yake inawika ndani ya telefone. Njo huyo huyo.

Leo tulikuwa tunahamia. Mama yangu ameuza sambaza soko ya Virunga miaka 12, likelemba kwa likelemba (ile ya kuchanga pesa na kupokea kwa zamu), mpaka akanunua kiparseli Mugunga na kusimamisha nyumba ya vyumba tatu. Leo njo ilikuwa siku yake. Bashemeji balikuya, batu ya kanisa balikuya kuombea nyumba, koko, muzee wetu wa familia, tulimuleta na pikipiki tumemushika huku na huku. Na mbele ya hao batu wote, ile mutu, soda ya mama mukononi, sambusa ya mama mudomoni, anatazama kabati ya mama yenye imekwama mulangoni na anasema: "Mama, mukate kabati."

MUKATE KABATI!!!

Ngoja nieleze juu kuna batu hapa batasema nimekasirikia kitu kidogo. Parseli yetu ni mawe matupu ya volkano, vijana balivunja na nyundo kubwa wiki tatu nzima mbele tupate mahali pa kusimamisha ukuta. Maji ya kuchanganya sima (simenti) tulinunua bido kwa bido. Sima yenyewe ilipanda na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, juu gari haifiki kule. Yote tulivumilia. Alipotoweka wiki sita na avansi, telefone imezimwa, tukamukuta anajengea mutu mwingine na ferabeto yetu (vyuma vya zege), tulivumilia. Mama alisema tusigombane na fundi mbele ya nyumba kufunikwa, ataiacha mvua ikule kuta. Basi tukanyamaza. Tukamununulia hata chakula ya saa sita kila siku, na huyo anakula sawa batu watatu wenye bametoka jela.

Devi, ile karatasi ya hesabu ya kazi, niko nayo hapa, imeandikwa na mukono yake mwenyewe: milango sentimetre 90. Leo nimepima. 62. Mulango ya mbele 62, ya saluni, pale pa kukaa wageni, 62, ya chumba ya mama 62. Hiyo si mulango, hiyo ni ufa! Shemeji yetu mukubwa alipita kwa upande sawa kaa ya ziwa, na pasta alivua koti kwanza njo akaingia. Kuku ya Goma yenye haijakula siku mbili, hiyo njo inaweza kupita bila kujisugua.

Sasa kabati. Papa yetu, Mungu amupumzishe, aliitengenezesha na mbao ya libuyu mwaka alipooa, kipande moja, haifunguki vipande vipande, upande wake ni sentimetre 65. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipotapika na lava ikateremuka mpaka katikati ya mji, sisi tulikuwa Murara. Papa hakubeba godoro, hakubeba sufuria. Alifunga kabati juu ya chukudu na kamba ya manila na akaisukuma mpaka Gisenyi kule Rwanda pamoja na ile bahari ya batu, mama nyuma na sisi batoto. Nyumba iliungua yote. Kabati ilibaki. Mpaka leo kwenye kona ya kushoto kuna alama ya ile kamba, imekata mbao kama kidole moja, mama akipangusa vumbi anapitisha kidole pale kila mara, sijui kama anajua anafanya vile. Mwaka 2021 tena, volkano Mei 22, mitetemeko siku tano bila kupumua, halafu ile asubui ya Mei 27 baliposema kata 10 zitoke zote, kabati ilipanda fuso kwenda Sake na ikarudi nzima. Na ndani ya mulango wake ya kushoto papa aliandika na kalamu ya seremala tarehe za kuzaliwa zetu sisi wote sita. Ukifungua unaanza kusikia naftalini na bikwembe (vitenge) ya mama, halafu unaona maandishi ya papa.

Kabati imeshinda Nyiragongo mara mbili. Imekuja kushindwa na mulango ya ile mutu. Na yeye anasema tuikate! Tuikate wapi? Tukate tarehe ya kuzaliwa ya nani?

Nilimuambia fundi, wewe njo ulikosa, vunja ukuta upanue mulango. Akacheka. Mbele ya mama yangu akacheka, akafuta mudomo, akasema ukuta yake iko sawa, ni kabati yetu yenye iko mukubwa, kabati za siku hizi haziko vile. Koko alikuwa amekaa kwenye kiti ya plastiki anatazama tu, akauliza pole pole: "Na mimi siku yangu ikifika, sanduku langu mutalipitisha wapi?" Batu bote balinyamaza. Mama akaanza kulia. Na huyo akaongeza sambusa.

Saa hii naandika kabati iko inje chini ya bashe (turubai), mama amekaa karibu yake na kiti, amekataa kuingia kulala. Nyumba mupya, mwenye nyumba inje. Nisaidieni banandugu, mutu anaambia mama ya mwenzake vile?? Mukate kabati!!

Chukudu_Bila_Freni:

Pole masta. Lakini nikuulize, nyumba imejengwa miezi mingapi? Na wewe siku zote ulikuwa unapita hiyo mulango hujaona unasugua mabega? Metre alikuwa nayo kiunoni, ungemuomba umupimie 😂😂

Mwana_wa_Murara:

Mi niko nafanya kazi Butembo, narudi mwisho wa mwezi! Nilikuwa nauliza na telefone ananijibu "kila kitu iko kwenye nivo". Sasa njo kosa yangu? Mama yangu iko inje na wewe unacheka.

Mama_Mapacha:

Weeee ni huyo! Mwenye kofia ya kazi hata kanisani! Kwangu alikuya kuchimba choo, tulipatana metre tatu, munajua kuchimba choo kwenye lava ya Goma ni kulipa kwa kila metre na machozi. Amefika metre moja na nusu akapanda juu, anasema hawezi kuendelea juu chini anasikia moto, mbele kidogo ni Nyiragongo yenyewe. Nilimulipa tatu! Mpaka leo hiyo choo tunaitumia na hesabu, mugeni akikaa siku mbili naanza kumuuliza basi yake ni saa ngapi.

Fisi_wa_Kati:

"anasikia moto" nimekufa 😂😂😂

Menizye_Katindo:

Mi ni seremala, na kuna kitu sipendi kusema lakini nitasema. 62 haitokei ovyo. Hakuna mutu anakosea 90 anapata 62 mara tatu. Hizo ni kadre (fremu) za mulango ya dushi, ya bafu. Kuna shantye fulani iliagiza kadre za dushi nyingi mwaka jana halafu mwenye kujenga akashindwa kulipa, zikauzwa bei ya kutupa. Fundi wako alikula pesa ya kadre ya 90 akanunua zile, akajenga ukuta kufuata kadre.

Mwana_wa_Murara:

Mulango ya DUSHI??? Kwa hiyo pasta ameombea nyumba akiingilia mulango ya dushi? Nimeenda kuangalia na tochi sasa hivi, chini kuna hata alama ya kalamu "D4". Nilidhani ni kipimo! Na mbele ya hiyo D4 njo alisimama akasema mukate kabati. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu mwanzo!

Vye_wa_Birere:

Mwanangu, tuliza moyo kwanza. Mwambie mama aingie alale, kabati haitakimbia, na usiku wa Mugunga una baridi. Kesho tafuta fundi mwingine, mutu mwenye akili. Mulango ya mbele na ya chumba ya mama zinaweza kupanuliwa. Lakini asianze kupiga nyundo ovyo, ashikilie kwanza lento, ile boriti ya zege juu ya mulango, na nguzo za miti huku na huku, avunje upande moja tu, na lento ile ya zamani itakuwa fupi, amwage ingine yenye kulala vizuri juu ya ukuta pande zote mbili. Juu lento ikibaki na sentimetre kidogo ya kulalia, siku ardhi ikitetemeka hapa kwetu itakuwa ya kwanza kukuangukia. Muliona 2021 kuta zilivyopasuka.

Mwana_wa_Murara:

Asante sana papa. Nitafanya vile. Lakini pesa ya lento ingine anatoa nani? Mama ameshaanza kusema atarudi soko.

Chukudu_Bila_Freni:

Pitisha dirishani basi

Mwana_wa_Murara:

Dirisha ziko na grili! Na grili njo kitu pekee ile mutu aliweka ngumu!

Mwana_Kadutu:

Nyinyi batu ya Goma munalia juu ya mulango. Mukuye Bukavu. Huku unajenga kwenye mulima, mvua ya usiku moja ukiamka jirani ya juu iko kwenye kiwanja yako na ukuta yake na mihogo yake. Mi nilinunua parseli, nikakuta kuna mutu mwingine ananunua ile ile, na wote tuko na karatasi, na wote karatasi zetu ziko na muhuri. Mulango yangu iko 90 safi kabisa lakini sijui kama ni mulango yangu.

Mama_Mapacha:

Parseli kuuzishwa mara mbili hata Goma iko, usifikiri ni Bukavu tu. Dada yangu kule Keshero alikuta msingi ya mutu juu ya msingi yake.

Mwana_wa_Murara:

BANANDUGU. Amepiga telefone sasa hivi, saa tatu ya usiku. Nilidhani anaomba musamaha. Anasema kuna kijana wake iko na msumeno muzuri, atakuya kesho kukata kabati, atatufanyia bei ya ndugu, DOLA 20. Nilikata telefone bila kusema kitu juu ningesema ningefungwa. Bei ya ndugu! Ndugu ya nani?

Fisi_wa_Kati:

Dola 20 kukata na 20 ingine kuunga tena. Huyu mutu hatakufa masikini 😂

Binti_Himbi:

Mi hata nyumba sina, niko napanga, na bailere wangu (mwenye nyumba) ameomba garanti ya miezi sita, halafu paa inavuja juu ya kitanda. Namuambia manjanja imetoboka ananiambia sogeza kitanda. Ni wale wale!

Mwana_wa_Murara:

Sogeza kitanda, kata kabati. Njo lugha yao! Wao hawajengi vibaya, ni sisi tuko na bitu bibaya!

Mulushois_Kamili:

Samahani ba Goma, nafuata uzi lakini manjanja ni nini?

Binti_Himbi:

Manjanja ni zile za kufunika nyumba, ya juu.

Mulushois_Kamili:

Aaah MALATA. Semeni malata batu basikie.

Chukudu_Bila_Freni:

Malata ni ya kwenu kule kwenye shaba. Huku ni manjanja tangu babu.

Mwana_Kadutu:

Bukavu pia manjanja. Wawili kwa moja, Lushi (Lubumbashi) imeshindwa.

Mulushois_Kamili:

Huku malata yetu inakaa miaka, ya kwenu inaoza. Nilikuya Goma nikaona paa zote nyekundu nikadhani ni rangi kumbe ni kutu 😂

Menizye_Katindo:

Si kuoza bure. Moshi ya Nyiragongo ukichanganyika na mvua unakuwa sawa asidi, unakula chuma. Batu ya Rusayo na Sake banajua, upepo unapeleka moshi kule mara mingi. Lakini pia batu bananunua bati ya namba 32 juu iko bei rahisi. Ukiweka 32 huku usiende kulalamika. Weka 28.

Mama_Mapacha:

Si 32 njo inene? Mi niliweka 32 juu fundi alisema namba kubwa njo nzito!

Menizye_Katindo:

Mama, namba ikipanda bati inakuwa nyepesi. 28 ni nzito kuliko 32. Fundi gani alikuambia vile?

Mama_Mapacha:

Nani mwingine!!

Binti_Himbi:

🙆🏾‍♀️🙆🏾‍♀️🙆🏾‍♀️

Vye_wa_Birere:

Mwana wa Murara, mama ameingia ndani?

Mwana_wa_Murara:

Bado papa. Tumemuletea blanketi. Ameegemeza kichwa kwa kabati, mulango ya kushoto ameifungua kidogo.

Mulushois_Kamili:

Hiyo 28 kwenu munauziwa bei gani kwa bati moja? Huku wametupandishia.

Chukudu_Bila_Freni:

Uliza kwanza bei ya misumari ya kufungia, siku hizi misumari njo inauzwa sawa zahabu. Kuna duka moja karibu na Birere, munaijua, juzi ile mutu amenipimia kilo...