Waya wa intaneti nyumba kwa nyumba Jambiani: radi, chumvi na mawe. Nishaurini

Mpwani
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimevuta waya wa UTP (ule wa mtandao, wa nyaya za shaba zilizosokotwa jozi jozi) kutoka kwangu hadi kwa majirani sita, tunachangia laini moja. Kaskazi nzima mambo safi. Masika yalipoingia, balaa: swichi mbili (visanduku vya kugawia mtandao) zimeungua kwa radi, vichwa vya waya vimeota kutu ya kijani, na nyumba ya mwisho, kama mita 140, taa inawaka lakini intaneti hakuna. Wengine wanataka waungwe pia. Kuchimba mtaro huku maweni mnakujua, sululu inarudi na cheche. Nifanyeje?

Fundi wa Wete
Waaleikum salaam. Ya mwisho usiihangaikie, UTP mwisho wake mita 100. Ukizidisha, leo inakubali kesho inakataa. Halafu ukwaruze huo waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Na kama ganda ni la kijivu, hilo la ndani ya nyumba. Jua likilipasua, maji yanatambaa humo mpaka kwenye swichi. Nje ni ganda jeusi.

BintiChake
Ami, hata awe na shaba safi, nyumba kwa nyumba anaialika radi. Si lazima ipige kwake, ikianguka jirani tu nyaya zinapokea. Weka faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Kwa nyumba chache, OLT ndogo (mashine mama inayotuma mwanga) kwako, splita ya 1:8 (inagawa mwanga mara nane) ukutani, ONU (kisanduku cha kupokea mwanga) kila nyumba. Splita haitaki umeme, na masafa ya mfumo huu, GPON, yanafika kilomita 20, kwa hiyo mita 140 si kitu. Ila angalia: kebo nyingi za kuning'iniza zina waya wa chuma wa kubebea. Kioo hakipitishi umeme, chuma kinapitisha! Kifunge nje kwenye ndoano ukikate hapo hapo, kisiingie ndani.

Mzee wa Nguzo
Nguzo za ZECO, shirika la umeme Zanzibar, usiziguse bila ruhusa yao, kuna watu wanapanda kama wanaangua madafu. Mnazi nao usiufunge kebo: kusi ikivuma unayumba, na kuti likianguka linaondoka na kila kitu. Simamisha nguzo zako, umwone sheha kwanza, na panapovuka barabara pandisha juu, malori ya mchanga hayaangalii.

Kibaraza
Mmemjibu yote isipokuwa moja. Kuchangia na majirani sita ni jambo dogo, lakini akianza kuwatoza watu ni biashara, na biashara hiyo inataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Mawasiliano ni jambo la Muungano, usiseme "huku Zanzibar hayatuhusu". Na laini yenyewe, soma mkataba kama unaruhusu kuuza tena.

Mpwani
Leseni nitaiulizia kabla sijaongeza mtu. Faiba nimeikubali, lakini mashine ya kuchomelea nyuzi za kioo siiwezi.

BintiChake
Huihitaji. Nunua kebo zilizokuja na vichwa vyake kiwandani. Pima njia kwa kamba, pamoja na kupanda na kushuka ukutani, uagize ndefu kidogo. Inayobaki izungushe duara pana, usiikunje, faiba ikikunjwa sana mwanga unatoka. Vifuniko vya vichwa usivitoe mpaka dakika ya kuchomeka, na kila kichwa kipanguse kwa spiriti. Upepo wa pwani una chumvi na vumbi, na chembe moja inatosha kuzuia mwanga.

Fundi wa Wete
Haya, nimeshindwa. Ila kisanduku cha splita kiweke matundu ya kebo yaangalie chini.