Nimeitwa misheni Ghana, waliotangulia nisaidieni

Kijana wa Eldoret: Habari wakuu. Nimepata wito wa misheni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho: Ghana, miaka 2. Mama analia kila akiona begi. Imani ilihimili huko?

Nilitumikia Kumasi: Hongera, mdogo wangu. Mama mmoja alitukatalia mazungumzo mpaka tumtwangie fufu, chakula chao kama ugali. Tukapokezana mchi na mwenza wangu, yaani mmisionari niliyepangiwa kutumikia naye, tai zimetupwa begani, majirani wanacheka. Akatusikiliza vizuri, akatulisha, na hakubatizwa. Imani yangu ilipimwa usiku: umeme umekatika, mwenza anakoroma, nasoma Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la kanisa letu, kwa tochi nikijiuliza naamini mwenyewe au namfuata baba tu. Sikusikia sauti yoyote. Lakini niliendelea kuomba, na hofu ilipungua. Mama mwambie tangu 2019 mnaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki.

Dada mrejea: Mtihani ni mwenza, jamani! Hupangi wewe, na mko pamoja kutwa. Wangu alikuwa hasemi hadi ale.

Kijana wa Eldoret: Asanteni. Viatu je?

Nilitumikia Kumasi: Jozi mbili, soli nene. Vumbi la huko halina huruma.