Naombeni ushauri: nataka kwenda Harar, Ethiopia, peke yangu. Nitaweza?

Mwali_wa_Chumbageni:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa miaka 36, mama ntilie hapa Tanga. Nje ya nchi sijawahi kupita Horohoro. Sasa moyo umenikaa kwenye mji wa Harar, mashariki ya Ethiopia. Mji wake wa kale, Jugol, umezungushiwa ukuta wenye malango matano ya zamani, na ndani wanahesabu misikiti 82, mingine midogo kama jiko langu. UNESCO waliutia kwenye urithi wa dunia 2006. Waharari, Waoromo, Waamhara, Wasomali, wote vichochoro vimoja. Siku nne zinatosha? Na mwanamke peke yake ni salama? Wiki ya pili hii sipati usingizi.

Kobe_Mwendo:
Panda boti uende Unguja. Mji Mkongwe upo, misikiti ipo, vichochoro vipo, na pilau unaijua. Watu wa Tanga mnapenda makuu.

Dereva_Mstaafu:
Achana na huyo dada yangu. Mimi nilifika 2019. Toka Addis panda ndege hadi Dire Dawa, kama saa moja hivi, halafu unapanda mlima kwa gari, kilomita hamsini na kitu. Basi la Addis usijaribu, barabara za Oromia siku hizi si za kubahatisha. Beba sweta, Harar iko karibu mita 1,900 juu.

Kitu kimoja kitakufurahisha: saa zao ni zetu. Ukiambiwa saa mbili asubuhi, ni saa mbili hii hii ya Kiswahili. Nilikuwa na Mzungu mmoja hotelini, akaambiwa gari linaondoka saa tatu. Mimi nilikunywa chai nikaondoka zangu asubuhi, yeye akashuka na begi alasiri. Ila tiketi ya ndege isome kwa saa za Kizungu, usije ukalia uwanjani.

Halafu kuna kichochoro wanakiita Makina Girgir, hilo girgir ni mlio wa cherehani. Mafundi wamejipanga nje pande zote mbili. Suruali yangu ilichanika pale pale, nikajifunga shuka la fundi nikakaa kwenye kigoda, akanishonea huku wapita njia wananipa pole kwa lugha tatu.

Ubwabwa_wa_Msibani:
Kule usiku fisi wanalishwa nyama kwa kijiti, mlishaji kakibana kwa meno. Siku ya Ashura wanapikiwa mpaka uji wa siagi. Kwetu fisi tunawalisha kwa muamala.

Nesi_wa_Zamu:
Kadi ya homa ya manjano usisahau. Na mirungi usirudi nayo hata jani, maana Awaday pale jirani ndiko lilipo soko lake kubwa na utaikuta kila kona. Hapa kwetu ni kesi ya dawa za kulevya.

Sasa dada, safari haimnyimi mtu usingizi wiki mbili. Nauli umeitoa wapi?

Mwali_wa_Chumbageni:
Nauli si mada, mada ni usalama.

Nesi_wa_Zamu:
Nami nauliza usalama huo huo.

Mwali_wa_Chumbageni:
Haya. Tiketi ya Dar hadi Harar nimeshakata, na hairudishwi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, tuko kina mama 22. Nimejikopesha milioni mbili na laki tatu. Nimejikopesha, sijaiba. Katiba inaruhusu mwanachama kukopa mara tatu ya hisa zake. Tunavunja Desemba, mpaka hapo nitakuwa nimerudisha na riba juu.

Nesi_wa_Zamu:
Fomu ulijaza?

Mwali_wa_Chumbageni:
Nitajaza nikirudi.

Kobe_Mwendo:
😂😂😂 Unguja ilikuwa elfu ngapi vile?

Ustadhi_Mpole:
Amana ni amana, bibie. Kitu cha watu hakina jina lingine.

Baba_Wawili:
Mke wangu alivunjiwa kikoba 2021. Mweka hazina hakwenda Ethiopia, alikwenda kwa shemeji yake Handeni. Tulimfuata tukamkuta anafuga kuku. Tukagawana kuku. Mpaka leo jogoo mmoja ananiamsha saa kumi.

Mwali_wa_Chumbageni:
Mnanihukumu bure. Miaka 14 nawakalisha watu kwenye mabenchi yangu. Sebule ya Kiharari ina majukwaa kwa ngazi, yametandikwa mazulia, na kila mtu anakaa ngazi inayomstahili. Siku hizi nyumba nyingine zinapokea wageni walale. Nataka nikae mimi, mwenzangu aniletee kahawa. Siku nne tu.

Ubwabwa_wa_Msibani:
Ukikaa, tazama juu ya mlango. Zulia lililokunjwa likiwekwa pale maana yake nyumba ina binti wa kuozwa. La mwenye deni la kikoba sijui wanaliweka wapi.

Mhakiki_Mkuu:
Wakuu, hii ni chai, na tangawizi haina. Mosi, ndege ya abiria haitui Harar, mtu mwenye tiketi mkononi angejua anatua Dire Dawa. Pili, sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Huyu alifungua na nani?

Mwali_wa_Chumbageni:
Tiketi imeandikwa DIR. Wakala aliniambia ndiyo Harar hiyo. Na sanduku tuliacha zamani, pesa zinakaa kwenye simu. Laini naishika mimi, namba ya siri naijua mimi na katibu.

Mhakiki_Mkuu:
Kwa hiyo katibu anajua.

Mwali_wa_Chumbageni:
Katibu yuko Muheza kwa mkwewe, amejifungua.

Kobe_Mwendo:
Nani kajifungua, katibu au mkwewe? Chai imeanza kumwagika.

Dereva_Mstaafu:
Hata kama ni chai, mimi suruali yangu ilishonwa kweli.

Nesi_wa_Zamu:
Dada, unaondoka lini? Ongea na mwenyekiti wenu kabla ya hapo. Fomu ijazwe leo.

Mwali_wa_Chumbageni:
Alhamisi. Mwenyekiti ni wifi yangu.

Mgeni_0417 (mwanachama mpya, ujumbe wa kwanza):
Samahani mleta mada, kikoba chenu kinakaa Jumamosi, nyuma ya kituo cha mafuta? Nauliza tu.